Maradhi Yanayochelewa: Maambukizi baada ya Upasuaji wa Moyo na Funzo la Zurich

Historia ya upasuaji wa moyo aghalabu husimuliwa kama mfululizo wa ushindi: mashine ya moyo na mapafu mwaka 1953, vali za bandia mwaka 1960, upandikizaji wa moyo mjini Cape Town mwaka 1967. Maambukizi yanayofuata upasuaji hutajwa pembeni, kana kwamba ni suala la usafi tu. Makala haya yanachunguza tukio lililobainika nchini Uswisi, na yanadai kwamba mzigo wa maambukizi hayo haupimiki bila kuuliza hospitali humfuatilia mgonjwa wake kwa muda gani.

Kwa desturi, kidonda cha upasuaji hufuatiliwa kwa siku 30 au 90. Muda huo unalingana na tabia ya bakteria waliozoeleka, hususan stafilokokasi, ambao hujidhihirisha mapema kwa homa, usaha na kuachia kwa mfupa wa kidari. Mgonjwa hurejeshwa wodini na pengine kupasuliwa upya, na gharama yake huonekana katika hesabu za mwaka uleule.

Kuanzia mwaka 2011, wataalamu wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Zurich walikabiliwa na maradhi yasiyofuata kalenda hiyo. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza wagonjwa 6 waliopasuliwa kati ya 2008 na 2012, ambao dalili zao zilijitokeza baada ya mwaka mmoja na nusu hadi zaidi ya miaka mitatu na nusu. Aliyehusika ni Mycobacterium chimaera, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa kama spishi ya pekee mwaka 2004 tu.

Chanzo kilikuwa mahali pasipotiliwa shaka. Wakati wa upasuaji, joto la damu hudhibitiwa kwa mashine yenye matangi ya maji. Maji hayo hayagusani na damu, kwa hiyo hayakuhesabiwa kuwa hatari. Lakini matone madogo yalivuja hewani, feni ya mashine ikayasambaza, nayo yakatua juu ya kifua kilicho wazi. Mwezi Agosti 2014 bakteria huyo alipatikana katika kiwanda cha Ujerumani kilichounda mashine hizo. Mwezi Oktoba 2016 mamlaka ya afya ya Marekani ilizitaka hospitali kuwaarifu wagonjwa. Nchini humo, mashine za aina hiyo hutumika katika operesheni zaidi ya 250,000 kwa mwaka, na takriban asilimia 60 zilitumia zile zilizohusishwa na maambukizi.

Kwa mgonjwa, mzigo ulikuwa homa zisizoisha, jasho la usiku na kukonda, bila jina la maradhi. Vipimo vya kawaida vya kuotesha bakteria havikumwonyesha. Wengine walitibiwa kwa kudhaniwa wana ugonjwa mwingine. Dawa zilitumika kwa miezi mingi, na takriban nusu ya wagonjwa walioripotiwa mwanzoni walifariki. Kwa hospitali, mzigo ulikuwa kuwatafuta maelfu ya watu walioruhusiwa kwenda nyumbani miaka mingi nyuma. Iliyokuwa na kumbukumbu kamili za mgonjwa, mashine na tarehe iliweza kuifanya kazi hiyo.

Funzo hili linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, upasuaji wa moyo umepanuka nchini Tanzania, huku baadhi ya wagonjwa wa kanda hii wakiendelea kutibiwa nje, hasa India. Mgonjwa akipasuliwa nchi moja na kuugua miaka mitatu baadaye katika nchi nyingine, nani ataunganisha matukio hayo mawili? Aidha, homa, jasho la usiku na kukonda huelekeza fikra zetu kwanza kwenye kifua kikuu, na kovu la kifuani laweza lisiulizwe kabisa.

Hivyo, kabla ya kununua mashine zaidi, watunga sera wanapaswa kugharimia mambo matatu: rejista ya kikanda inayomfuata mgonjwa kwa miaka isiyopungua mitano, kadi ya upasuaji anayobaki nayo yenye namba za vifaa vilivyotumika, na maabara zenye uwezo wa kutofautisha jamii za maikobakteria. Zurich haikuokolewa na ufuatiliaji wa siku 90. Iliokolewa na watu waliofungua tena majalada yaliyokwisha kufungwa.