Neno la Wiki: Kibao si bango

Juzi pale Mabawa nilimsikia kijana akikisifia kibao cha duka la zamani, ubao wa mninga uliochongwa herufi kisha zikapakwa buluu, rangi imebaki kwenye mitaro ya herufi tu. "Bango zuri hili!" Zuri kweli, lakini si bango. Kibao kimezaliwa na ubao, ndugu yake kile cha mbuzi tunachokikalia tukikuna nazi. Kibao cha duka hupigiliwa juu ya mlango, kikazeeka pamoja na nyumba. Bango ni la karatasi au turubai: hubebwa kwenye maandamano, hutundikwa barabarani, hubanduliwa shughuli ikiisha. Vya bati navyo tunaviita vibao, na sina ugomvi, kazi ni ileile.

Wengine huita kibao kizima "nakshi". Hapana. Nakshi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni urembo: maua na misokoto ya pembezoni. Jina la duka ni maandishi, hata likichongwa kwa ustadi gani. Kwa hiyo mwambie fundi: "Nichongee kibao, ukitie nakshi." Atakuelewa mara moja.