Mtoto kuacha nepi: mila za pwani na mahitaji ya Texas

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zilizohamia Dallas, Fort Worth na Houston, mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye bado anavaa nepi huzua mabishano ya simu. Bibi aliyeko Tanga au Bukavu anashangaa kwa nini mtoto hajazoezwa choo. Daktari wa watoto anasema hakuna haraka. Nacho kituo cha kulelea watoto, kama vilivyo vingi katika miji hiyo, kinataka mtoto awe ameacha nepi kabla ya kuingia darasa la miaka mitatu.

Kila upande una sababu zake. Makala haya yanaeleza chanzo cha tofauti hiyo na yale ambayo mzazi anaweza kuyafanya katika mazingira ya Texas.

Mafundisho mawili

Mwaka 1977 watafiti Marten na Rachel deVries walichapisha katika Pediatrics, jarida la madaktari wa watoto wa Marekani, uchunguzi wao kuhusu malezi ya Wadigo wa pwani ya Kenya. Walieleza kwamba mama wa Kidigo huanza kumzoeza mtoto katika wiki za kwanza za maisha yake. Mama huketi chini, nje ya nyumba, akanyoosha miguu na kumweka mtoto katikati, mgongo wa mtoto ukimwelekea yeye. Kisha hutoa sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa, hunyonyeshwa au hubembelezwa. Watoto hao walikuwa wakikaa wakavu kwa kiasi cha kuridhisha, mchana na usiku, kufikia umri wa miezi mitano au sita.

Nchini Marekani fundisho lililotawala lilikuwa tofauti. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton wa Massachusetts alichapisha kumbukumbu za watoto 1,170 aliowahudumia kwa muda wa miaka kumi. Alishauri wazazi wasianze mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe kuwa yuko tayari. Kwa wastani, watoto hao walifaulu kukaa wakavu mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Ushauri huo ndio msingi wa mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hadi leo. Nepi za kutupwa za Pampers, zilizoingia sokoni mwaka 1961, nazo ziliwapunguzia wazazi sababu ya kuharakisha.

Tofauti iko wapi

Mafundisho haya mawili hayapimi kitu kimoja. Mtoto wa Kidigo wa miezi sita haendi chooni peke yake. Mama, au mlezi mwingine, anazitambua ishara zake na kumpeleka kwa wakati. Mtoto anayekusudiwa na daktari wa Marekani anatakiwa ahisi haja mwenyewe, aseme, ateremshe nguo na kuketi.

Njia ya kwanza inahitaji mlezi aliye karibu na mtoto saa zote, pamoja na ua ambao mkojo wake haumsumbui mtu. Katika nyumba ya kupanga huko Houston, wazazi wote wawili huenda kazini, mara nyingi kwa zamu, sakafu ina zulia, na mkojo ukipenya unaweza kuwagharimu fedha za amana. Mzazi anayechelewa kumzoeza mtoto katika hali hiyo hajawa mvivu. Msaada ambao njia ya bibi iliutegemea haupo.

Aidha, utafiti wa madaktari wa Philadelphia uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto walioanza mapema huelekea kumaliza mapema, lakini huchukua muda mrefu zaidi. Mazoezi ya mfululizo kabla ya miezi 27 yalionekana kuwa na faida ndogo. Hata hivyo, kuanza mapema kwa upole hakukuonekana kuwa na madhara.

Dalili za kuwa tayari

Watoto wengi huanza kuonyesha dalili kati ya miezi 18 na miaka miwili na nusu. Mtoto hukaa mkavu kwa muda wa saa mbili au zaidi, hujificha au kuchuchumaa anapotaka kwenda haja kubwa, huchukizwa na nepi chafu, huweza kufuata maagizo mafupi na kuteremsha suruali.

Mzazi na aanze kwa kumketisha mtoto kwenye poti kwa dakika chache tu, hasa baada ya mlo na baada ya kuamka. Akitumia choo cha watu wazima, awekewe kigoda chini ya miguu. Mkao huo unakaribiana na kuchuchumaa kwa nyumbani na humrahisishia kusukuma. Akifaulu, asifiwe. Asipofaulu, ainuliwe bila maneno.

Kunyimwa maji ili asikojoe ni hatari, hasa katika joto la Texas linalozidi nyuzi 35 wakati wa kiangazi. Isitoshe, maji machache hufanya choo kiwe kigumu, na mtoto aliyewahi kuumia huanza kujizuia.

Safari za gari nazo zipangwe. Mtoto aliyefungwa kwenye kiti chake katika msongamano wa barabara kuu hawezi kuteremshwa papo hapo, hivyo apelekwe chooni kabla ya kuondoka, na poti iwekwe kwenye buti.

Lugha na usafi

Mtoto anayesema "kojo" nyumbani anaweza kulisema neno hilo hilo kwa mlezi asiyejua Kiswahili, asieleweke, akajikojolea. Kituo kinaweza kumhesabu kuwa hajawa tayari, kumbe tatizo ni lugha. Mzazi awaandikie walezi maneno ambayo mtoto anayatumia, au amfundishe ishara moja ya mkono inayofahamika nyumbani na kituoni.

Vivyo hivyo kuhusu maji. Familia nyingi za pwani humzoeza mtoto kutawaza kwa maji ya kopo, ilhali vituo hutumia karatasi. Mtoto anaweza kujifunza yote mawili akielezwa mapema. Mtoto wa kike afundishwe kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, ili kupunguza maambukizi ya njia ya mkojo.

Adhabu

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Madaktari wa Marekani wameonya kwa miaka mingi kwamba mzozo wa choo ni miongoni mwa mambo ya kawaida ya utotoni yanayowafanya watu wazima kupandwa na hasira hadi kumuumiza mtoto, wakiwemo wale wanaomchoma kwa maji ya moto. Kanuni za jimbo la Texas zinavikataza vituo vyenye leseni kumpiga mtoto au kumwadhibu kuhusiana na chakula, usingizi au mazoezi ya choo. Sheria ya jimbo pia inamlazimu yeyote anayeshuku kuwa mtoto anateswa kutoa taarifa.

Kumcheka mtoto kwa kumwita kikojozi mbele ya wenzake nako humfanya ajifiche badala ya kusema. Ikiwa mtoto anakataa kabisa, inafaa kusitisha mazoezi kwa wiki chache na kuanza upya. Ndivyo ilivyo pia baada ya kuhama nyumba au kuzaliwa kwa mdogo wake, nyakati ambazo mtoto aliyekwisha kujua choo huweza kurudi nyuma.

Lini kumwona daktari

Kukojoa kitandani usiku ni jambo tofauti. Takriban asilimia 15 ya watoto wa miaka mitano bado hukojoa usiku, na wengi wao huacha wenyewe. Daktari aonwe iwapo mtoto anasikia maumivu anapokojoa, ana damu katika choo, anapata choo kigumu mara kwa mara, ana kiu isiyo ya kawaida, au ametimiza miaka minne bila kuweza kukaa mkavu mchana.

Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinawajibika kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na mzazi anaweza kuomba wa Kiswahili. Kwa mtoto mwenye ulemavu au anayechelewa kukua, sheria ya nchi hiyo inazitaka shule za umma kumhudumia kuanzia miaka mitatu, hata kama bado anavaa nepi.