Krediti ya Chuo kwa Mwanafunzi wa Sekondari: Istilahi na Maana Yake

Katika shule za sekondari za Marekani, ambazo kwa kawaida huchukua miaka minne kuanzia darasa la 9 hadi la 12, mwanafunzi anaweza kusoma kozi ambazo baadaye zitahesabiwa kuwa sehemu ya shahada yake ya kwanza hata kabla hajamaliza shule. Njia za kufanya hivyo ni kadhaa, na kila moja ina jina lake, masharti yake na gharama zake, lakini zote hukutana katika dhana moja ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lililotulia. Dhana hiyo ni kipimo cha masomo ambacho chuo hukiandika kuwa kimekamilika, na ambacho hujumlishwa na vingine vya aina yake hadi kitimie kiasi cha kumtunukia mtu shahada. Makala haya yanapendekeza kipimo hicho kiitwe krediti, na yanaeleza kwa nini maneno mengine yanayoelekea kufaa, hasa mkopo, alama na pointi, yanampotosha msomaji wa Kiswahili. Suala hili si la wanaisimu peke yao, kwa kuwa zipo familia nyingi za Wakenya, Watanzania na Wakongo zinazoishi Marekani, ambazo hutakiwa na shule kufanya uamuzi juu ya kozi hizi mtoto akiwa na umri wa miaka 15 au 16.

Neno linalomjia kwa haraka mfasiri wa neno la Kiingereza credit ni mkopo, kwa sababu ndiyo maana yake iliyozoeleka benki na dukani, na hilo ndilo neno la hatari kuliko yote. Nchini Tanzania, ambako Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inajulikana kwa kila familia yenye kijana anayeelekea chuoni, mkopo wa chuo ni fedha zinazotolewa leo na kudaiwa kesho, na nchini Kenya, yenye bodi yake ya mikopo, maana ni hiyo hiyo. Mzazi atakayesoma katika barua ya shule kwamba mwanawe anaweza kupata mikopo ya chuo akiwa bado sekondari ataelewa kwamba mtoto anaingizwa katika deni, ilhali anachopewa ni kinyume chake, yaani masomo ambayo yakikubaliwa humpunguzia ada atakayolipa baadaye. Mzazi mwangalifu anaweza kukataa kutia saini fomu ambayo angeitia bila kusita kama angeielewa, na mtoto akapoteza nafasi ya mwaka mzima.

Alama nalo halifai, kwa kuwa alama hupima namna mwanafunzi alivyofanya, wakati kipimo kinachozungumziwa hapa hupima kiasi cha masomo aliyokamilisha. Wanafunzi wawili waliosoma kozi moja, mmoja akapata A na mwingine C, kwa kawaida hupewa kiasi kile kile cha krediti. Pointi ni neno lenye mtego wa aina nyingine. Katika mitihani ya taifa ya Tanzania pointi chache ndizo bora, kwa kuwa daraja la kwanza la kidato cha nne huanzia pointi 7 hadi 17 na yule mwenye pointi nyingi huwa katika madaraja ya chini, ilhali nchini Kenya alama ya A huleta pointi 12 na kila anayezidisha pointi huwa amefanya vizuri zaidi. Istilahi ambayo wasomaji wa nchi mbili jirani wangeielewa kwa namna mbili zinazopingana haiwezi kubeba dhana mpya. Ithibati, ambalo kwa maana ya kuaminika lingekaribia asili ya neno credit katika Kilatini, limekwisha kuchukuliwa na mamlaka za elimu ya juu kwa maana ya idhini ya ubora inayopewa chuo au programu. Linalobaki ni krediti, neno ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hulisikia chuoni kila muhula, na ambalo huingia bila taabu katika ngeli ya majina yasiyobadilika: krediti hii, krediti tatu, krediti zake.

Kipimo hiki kilizaliwa katika mazingira ambayo hayakuhusu ufundishaji moja kwa moja. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili ziwe msingi wa pensheni za maprofesa wa vyuo vya Marekani, na taasisi iliyosimamia fedha hizo ililazimika kuamua chuo ni nini, kwa kuwa wakati ule shule nyingi za kawaida zilijiita vyuo. Iliamua kwamba chuo halisi ni kile kinachodai kwa mwombaji vipimo 14 vya masomo ya sekondari, kila kipimo kikiwa na saa 120 za darasani katika somo moja. Vyuo vilivyotaka pensheni vilikubali, shule zikajipanga upya ili wahitimu wao wakubaliwe vyuoni, na muda si mrefu vyuo vyenyewe vikaanza kuhesabu masomo yao kwa saa. Ndiyo maana hadi leo krediti ya Marekani ni kipimo cha muda kwanza na cha maarifa baadaye. Krediti moja huwakilisha takribani saa moja ya darasani kila wiki kwa muhula wa wiki kama 15, pamoja na saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Kozi ya kawaida huwa na krediti 3, na shahada ya kwanza hukamilika kwa krediti zipatazo 120.

Hesabu hiyo inapaswa kutajwa kila mara pamoja na nchi yake. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka mmoja wa masomo huwa na krediti 120, na shahada ya miaka mitatu huhitaji 360, huku vyuo vya Ulaya vikihesabu krediti 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa na saa 25 hadi 30. Kwa hiyo krediti 120 ni shahada nzima huko Marekani na ni mwaka mmoja tu nchini Tanzania. Mwanafunzi wa Minneapolis anayemwambia mjomba wake wa Dodoma kwamba amemaliza sekondari akiwa na krediti 30 za chuo amesema jambo kubwa, yaani robo ya shahada, ambalo kwa hesabu ya mjomba linaonekana kama robo ya mwaka.

Njia inayojulikana zaidi ya kupata krediti hizi mapema ni programu ya Advanced Placement, ambayo wengi huiita AP. Ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1950 kwa fedha za mfuko ulioanzishwa na Ford Foundation, wakati shule chache maarufu za bweni na vyuo kama Harvard, Yale na Princeton vilipogundua kwamba vijana wao bora walirudia chuoni mambo waliyokwisha kuyasoma sekondari. Taasisi ya College Board, iliyoundwa mwaka 1900, iliichukua programu hiyo mwaka 1955 na kuendesha mitihani ya kwanza mwaka 1956 kwa wanafunzi wapatao 1,200. Leo mitihani hiyo hufanywa kila mwaka mwezi Mei, katika masomo kuanzia hisabati hadi historia ya dunia, ambamo miji ya pwani ya Waswahili ni sehemu ya mtaala, na kila mtihani husahihishwa kwa kipimo cha 1 hadi 5, ada yake ikikaribia dola 100 na kupunguzwa kwa familia zenye kipato cha chini.

Programu iliyozaliwa kwa ajili ya shule za matajiri ilibadilika sura ilipoingia katika shule za umma, na hakuna tukio linaloonyesha hilo kuliko lile la Garfield High School, mashariki mwa Los Angeles, mwaka 1982. Jaime Escalante, mwalimu aliyezaliwa Bolivia, aliwafundisha kalkulasi wanafunzi wa mtaa maskini wenye asili ya Meksiko, na wanafunzi 18 wakafaulu mtihani wa AP. Wasimamizi wa mtihani waliwashuku 14 kati yao kwa sababu majibu yao yalifanana, 12 wakarudia mtihani chini ya usimamizi mkali, na wote 12 wakafaulu. Kinachostahili kukumbukwa hapa ni kwamba mtihani ule ule ulioleta tuhuma ndio uliowapa vijana hao ushahidi usiopingika, kwa kuwa ulitungwa na kusahihishwa mbali na shule yao.

Jina la programu hiyo lina maana mbili ambazo tafsiri haina budi kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni kupangwa mbele, yaani mwanafunzi kuruhusiwa kuruka kozi ya utangulizi na kuanza na ile inayofuata. Maana ya pili ni kupewa krediti kwa kozi aliyoiruka. Chuo kinaweza kutoa la kwanza bila la pili. Dartmouth, kwa mfano, iliacha kutoa krediti za AP kwa wanafunzi waliotarajiwa kuhitimu mwaka 2018 na waliowafuata, ingawa iliendelea kuyatumia matokeo hayo katika kuwapanga madarasani. Kwa upande mwingine, Illinois ilipitisha mwaka 2015 sheria inayovitaka vyuo vya umma vya jimbo hilo vitoe krediti kwa mwanafunzi aliyepata 3 au zaidi. Msomaji wa Tanzania au Uganda atavutwa kuziita kozi hizi kozi za advansi, kwa mfano wa kidato cha tano na cha sita, lakini kufanya hivyo kungemfanya adhani kwamba ni ngazi ya shule inayopitiwa na kila anayeelekea chuo kikuu. Tena Kenya, iliyoviondoa vidato hivyo kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, haina tena kitu cha kulinganisha nacho. Inatosha kusema kozi za AP, na kuyaita matokeo yake krediti kwa mtihani.

Njia ya pili ni ile ambayo mwanafunzi huwa amesajiliwa katika taasisi mbili kwa wakati mmoja, sekondari na chuo, na kozi moja huhesabiwa pande zote mbili. Udahili wa pamoja lisingefaa hapa, kwa kuwa nchini Tanzania linakumbusha mfumo wa waombaji wote kupitia dirisha moja la maombi, na neno sambamba linawarudisha Wakenya kwenye programu za vyuo vikuu za wanafunzi wanaojilipia ada. Usajili pacha ni istilahi fupi na sahihi: wawili waliozaliwa pamoja, kila mmoja akiwa na uhai wake. Usajili huu una sura mbili, kwani mwanafunzi anaweza kwenda chuoni na kuketi na wanachuo, au kozi ya chuo ikafundishwa sekondarini na mwalimu wa hapo aliyeidhinishwa na chuo, ambaye mara nyingi hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili.

Minnesota ndiyo iliyofungua mlango huo kwa jimbo zima. Mwaka 1985, chini ya Gavana Rudy Perpich, jimbo hilo lilipitisha sheria inayowaruhusu wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 kusoma kozi katika vyuo vya jimbo, na kuamua kwamba ada ya masomo na vitabu vinavyohitajika vilipwe na serikali, si na familia. Uamuzi huo wa fedha ndio uliofanya sheria hiyo iwe na maana kwa watu wa kipato cha chini, kwani palipo na usajili pacha unaolipiwa na mzazi, wanaonufaika ni wale ambao wangefika chuoni hata bila msaada huo.

Tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili, ambayo barua za shule huitaja kwa kifupi mno, ni wakati na mahali krediti inapozaliwa. Katika AP krediti haipo hadi mwanafunzi atakapokubaliwa na chuo fulani na chuo hicho kuamua kuyatambua matokeo yake. Asipofaulu, anaweza kuchagua kutoyapeleka, na hakuna chuo kitakachojua. Katika usajili pacha krediti huandikwa papo hapo katika transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo ya chuo, na pamoja nayo huandikwa alama. Kijana wa miaka 16 aliyepata F kwa kuacha kuhudhuria bila kujiondoa rasmi katika kozi ataikuta F hiyo katika hati atakayotakiwa kuiwasilisha miaka mingi baadaye. Mzazi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, pamoja na jambo la pili linaloambatana nalo: chuo kinaweza kuikubali krediti iliyohamishwa kutoka chuo kingine lakini kisiihesabu katika masomo ya lazima ya shahada. Krediti iliyokubaliwa na krediti iliyohesabiwa si kitu kimoja, na ni busara kukiuliza chuo kinachotarajiwa kuhusu ya pili kabla ya kujisajili.

Programu nyingine zinaweza kuelezwa kwa ufupi. International Baccalaureate, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968 na inayofundishwa pia katika baadhi ya shule za kimataifa za Dar es Salaam, Moshi na Nairobi, ni stashahada kamili ya miaka miwili yenye masomo sita, insha ndefu na alama zinazofikia 45, na vyuo vingi vya Marekani hutoa krediti kwa masomo yake ya ngazi ya juu. CLEP, iliyoanza mwaka 1967, ni mitihani isiyodai darasa lolote, hivyo humfaa mtu aliyejifunza mwenyewe, awe mwanafunzi au mtu mzima.

Ipo krediti moja ambayo mtoto wa mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuwa nayo mdomoni tayari. Tangu sheria ya mwaka 2014, Minnesota huwatunuku wanafunzi wa sekondari wanaothibitisha umahiri katika Kiingereza na lugha nyingine kile kinachoweza kuitwa muhuri wa lugha mbili, na vyuo vya jimbo vilivyo chini ya mfumo wa Minnesota State hutakiwa kuutambua kwa krediti za lugha. Kiswahili kinafaa sawa na Kihispania au Kifaransa, mradi mwanafunzi apimwe kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na hapo ndipo watoto wengi waliokua ugenini hukwama: wanakisema vizuri nyumbani lakini hawajawahi kuandika hata aya moja kwa lugha hiyo. Mtihani hufanywa kwa mipango ya shule, kwa hiyo mzazi hana budi kuuliza katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi mapema, ikiwezekana mtoto akiwa darasa la 9 au la 10, wakati bado kuna muda wa kumfundisha kuandika.