Kabla Diski Haijafifia

Sony walipoanza kuuza CDP-101 kule Japani, Oktoba 1982, watu waliambiwa CD haizeeki. Wapi! Ile ya kwaya ya marehemu mama ilichomwa kwa kompyuta. Rangi inayobeba data inafifia, na nakala nyingine hakuna.

Basi nikashuka Luthuli Avenue, nikapata CD-ROM ya miaka ya 1990, ile yenye kitufe cha kucheza. Nyuma ina pini mbili za sauti ya dijitali. Nikaziunganisha na mashine inayogeuza namba kuwa sauti: namba 44,100 kila sekunde, kwa kila spika.

Jirani akacheka, "Si utumie simu tu, bro?"

Nikamwambia hii haiko YouTube.

Wimbo wa tatu, nikamsikia mama akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Nikaanza kunakili.