Sarakasi kwa Watoto

Sarakasi kwa watoto ni mafunzo ya viungo, mizani ya mwili, kurusha na kudaka vitu, na uigizaji wa kuchekesha, yanayokamilishwa kwa onyesho mbele ya watazamaji. Watoto wengi wa Tanzania huanza bila mwalimu: hupiga samasoti kwenye mchanga wa pwani au kwenye nyasi. Mkufunzi anapofika hukuta ujasiri upo tayari. Anachoongeza ni mpangilio.

Historia

Sarakasi ya kisasa ya Ulaya ilianza London mwaka 1768, Philip Astley alipoonyesha michezo ya farasi ndani ya uwanja wa duara. Ya Tanzania ilipitia njia nyingine. Katika miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China kujifunza, na mwaka 1969 kikundi cha taifa cha sarakasi kikaundwa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Dar es Salaam, mwanasarakasi Winston Ruddle kutoka Zimbabwe alianzisha shule mwaka 2003, ambayo wasanii wake walizunguka nchi nyingi na onyesho la Mother Africa. Nairobi, Sarakasi Trust iliyoanza mwaka 2001 iligeuza jengo la zamani la sinema ya Shan, mtaa wa Ngara, kuwa ukumbi wa mazoezi na maonyesho. Mwaka 2024 Watanzania wawili, Ramadhani Brothers, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League kwa mchezo wa mmoja kusimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake.

Hatua za mafunzo

Kila kitu huanzia chini. Mtoto hujifunza kubingiria kabla ya kuruka: kidevu kifuani, viganja ardhini kwa upana wa mabega, uzito upite mabegani hadi mgongoni bila kichwa kuubeba. Kisha hujifunza kutua, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Piramidi ya watoto watatu huonyesha kwa nini wa chini hufundishwa kwanza. Wawili hukaa bega kwa bega, magoti na viganja ardhini, mikono imenyooka. Wa tatu hupanda kwa nyuma na kuweka goti moja juu ya nyonga ya kila mmoja. Katikati ya mgongo hapakanyagwi. Msaidizi husimama nyuma yao muda wote. Wa chini akisema “shuka”, wa juu hushuka papo hapo, hata kama watazamaji wanapiga makofi.

Kurusha mipira mitatu nako kuna siri yake: mpira wa pili hutoka mkononi wa kwanza unapofika kileleni, usawa wa macho. Anayekimbiza mikono huangusha yote.

Vifaa na mazingira

Mahali kama Mogitu, kata ya Wilaya ya Hanang nchini Tanzania, mafunzo kama haya hayahitaji ukumbi. Uwanja wa nyasi uliookotwa mawe na miiba, magunia yaliyojazwa nyasi kavu, na soksi zilizofungwa na mbaazi ndani badala ya mipira vinatosha kuanzia. Ngoma za Wadatoga, wenyeji wa eneo hilo pamoja na Wairaqw, zina kuruka juu kwa miguu miwili. Mkufunzi anaweza kuanzia hapo somo la kutua.

Onyesho

Onyesho la kwanza likiwa la dakika kumi linatosha, na kila mtoto hupewa kazi. Anayeogopa kupanda hupiga ngoma, hushika pete ambayo wenzake hupenya, au huwa mchekeshaji. Kazi hii ya mwisho si ya aliyeshindwa: mchekeshaji lazima aijue samasoti vizuri ili aweze kuikosea kwa makusudi, aanguke bila kuumia, na kuwapa wenzake nafasi ya kupumua kabla ya piramidi.