Mjomba, Kongosho na Kesi ya Muhogo

Mnisamehe wadau, nimepotea karibu mwezi mzima. Nilikuwa Moa, kwa wavuvi, kaskazini mwa Tanga. Ni wilaya ya Mkinga, ukisogea mbele kidogo uko Kenya. Nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu. Tumbo limemsumbua miaka mingi, na mwisho hospitali wakamwambia kongosho limeharibika na sasa ana kisukari.

Maumivu yake niliyategemea. Aibu yake sikuitegemea. Kijijini zilishaenea hadithi mbili. Ya kwanza: kongosho ni ugonjwa wa walevi, kwa hiyo mzee yule wa msikitini anakunywa tembo kwa siri. Ya pili: ni muhogo. Mkewe alishapiga marufuku bada nyumbani.

"Mjomba," akaniambia, "pombe sijaionja. Muhogo nimeula tangu naota meno. Sasa nile nini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi Dar, nikaanza kusoma.

Kwanza tuelewane. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula. Linatoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na linatoa insulini. Ugonjwa wake una sura mbili. Moja ni ya ghafla: kongosho linavimba na vimeng'enya vinaanza kulisaga lenyewe. Reginald Fitz wa Boston aliieleza vizuri mwaka 1889, lakini madaktari walichukua miaka mingi kupata namna ya kupima ukali wake. Mwaka 1974 John Ranson wa New York alitoa vigezo 11: vitano mgonjwa anapofika, sita katika saa 48 za mwanzo. Mwaka 1992 wataalamu walikutana Atlanta wakagawa makundi, na marekebisho ya 2012 yakayafanya matatu. Hafifu ni pale ambapo hakuna kiungo kinachoshindwa kazi, na wagonjwa wengi wako hapa. Wastani ni pale ambapo figo, mapafu au moyo vinatetereka lakini vinarudi kabla ya saa 48, au kongosho lenyewe na sehemu za jirani vinapata madhara. Kali ni pale ambapo kiungo kinashindwa na saa 48 zinapita. Kwa mtu wa Moa, hebu fikirieni saa 48 hizo zinaanza kuhesabiwa akiwa wapi.

Sura ya pili ni sugu, na ndiyo ya mjomba. Hii haina saa, ina miaka. Na hapa ndipo historia inapotuhusu sisi.

Mwaka 1959 daktari Zuidema aliandika kuhusu wagonjwa wa Indonesia: maskini, wenye utapiamlo, kongosho limejaa vijiwe. Chakula chao kikubwa kilikuwa muhogo. Mwaka 1960 A. G. Shaper, aliyekuwa Kampala, akaandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa sugu wa kongosho na upungufu wa protini. Kule Kerala, India, Dk. Geevarghese alikusanya mamia ya wagonjwa, na maelezo yake ya hatua za ugonjwa yanatisha: maumivu ya tumbo utotoni, kisukari ujanani, kifo katikati ya umri wa nguvu.

Soma tena hapo. Utotoni! Hawa hawakuwa walevi. Ni kweli pombe inaharibu kongosho, hilo halina ubishi. Lakini kumwona mtu ana kongosho bovu ukahukumu kwamba anakunywa ni kuwasahau watoto wale wote.

Basi mshtakiwa akawa muhogo. Kerala nako wanaula sana. Mwaka 1979 McMillan na Geevarghese wakapendekeza kwamba sayanidi iliyomo kwenye muhogo, ikimkuta mtu asiye na protini ya kutosha, inaharibu kongosho. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaweka kundi maalumu la kisukari cha utapiamlo, na ugonjwa huu ukaingia humo.

Aliyeleta ushahidi wa kumtetea mshtakiwa ni Tanzania. Kule Tarime, ukame wa miaka ya 1980 ulifanya watu wale muhogo mchungu bila kuuandaa vizuri, na baadhi wakapooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Kama sayanidi ya muhogo inaleta kisukari, basi ilipaswa kuonekana huko. Watafiti wakiwemo Swai na McLarty wa Dar es Salaam walipima sukari za wanakijiji wanaoishi kwa muhogo wakazilinganisha na za watu wa kijiji kisichoutegemea. Walaji wa muhogo hawakuwa na kisukari zaidi. Matokeo yalichapishwa 1992, na kichwa cha makala kilisema wazi kwamba sumu ya muhogo haisababishi kisukari. Mwaka 1999 lile kundi la utapiamlo likafutwa. Siku hizi wanaangalia zaidi kurithi: jeni iitwayo SPINK1 imekutwa na kasoro kwa wagonjwa wengi wa India na Bangladesh.

Sisemi nimegundua kilichomuumiza mjomba. Wala sisemi muhogo mchungu uliwe hovyo. Wale wa Tarime waliumia kweli, na bibi zetu walioloweka na kuanika hawakuwa wajinga. Mwenye kisukari naye lazima apime sahani yake, iwe bada, wali au sembe.

Nilimpigia simu mjomba nikamsimulia yote. Akacheka, akasema Ijumaa anataka bada na samaki, kidogo tu. Kisha mkewe akachukua simu.

"Haya, muhogo umeshinda kesi. Na lile neno la tembo, nani atalifuta hapa Moa?"

Muhogo ulisubiri miaka 13, toka 1979 hadi 1992. Mjomba ana miaka 67. Kama una ndugu Moa, mwambie.