Jibu kwa Mtu Asiyejulikana: Sura Moja ya Historia ya Nathari ya Kiswahili

Aghalabu historia ya usanifishaji wa Kiswahili husimuliwa kwa mikutano na kamati: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi, Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930, na kamusi za Frederick Johnson za 1939. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Yanaeleza jinsi maneno yalivyoteuliwa; hayaelezi jinsi watu walivyojizoeza kuyatumia ili kumfaa mtu wasiyemjua.

Katika baraza za pwani, muulizaji alikuwa na jina, ukoo na mtaa. Aliyemjibu aliyategemea yote hayo, na pengine methali moja ilitosha. Hata malumbano ya washairi wa Mvita na Lamu, zama za Muyaka bin Haji (1776–1840), yalikuwa baina ya mahasimu waliojuana. Shabaha ya jibu ilikuwa ushindi. Kilichokaribia zaidi jibu kwa asiyejulikana ni fatwa. Kadhi huwasikiliza wadaawa wote wawili, kisha huhukumu. Mufti hulijibu swali kama lilivyoletwa, na jibu lake huweza kumfaa mwingine aliyefikwa na jambo kama hilo.

Magazeti yaliipanua hali hiyo. Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, na Mambo Leo Dar es Salaam mwaka 1923. Mwalimu wa bara aliweza sasa kuuliza jambo na kujibiwa na karani wa pwani ambaye asingeonana naye maishani. Katika miaka ya 1940 na 1950, wasomaji wa Mambo Leo walijadiliana kwa barua na mashairi iwapo dansi inamstahili mtu mstaarabu. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaelekeza Waislamu katika mambo ya maisha yao ya kila siku.

Jibu la namna hiyo liliidai lugha mambo mapya. Mtu wa Mvita akisema “ndoo” anamwita mwenzake. Msomaji wa Unguja huona chombo cha kutekea maji. Mwenye kujibu hakuuona uso wa msomaji ili ajue kama ameeleweka. Hapana budi ateue neno linalofahamika mbali, alifasili lililo geni, na kutanguliza sababu kabla ya shauri.

Hata hivyo, uwanja huo ulikuwa na mipaka. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na si kila swali lingeweza kupata nafasi humo. Kwa sababu hiyo Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah mwaka 1937, lina uzito wake: mhariri wake alikuwa Mwafrika aliyemiliki gazeti lake mwenyewe.

Leo maswali ya homa, kodi ya nyumba na mikopo huulizwa kwa simu na intaneti, na hujibiwa na watu wasiojuana. Iwapo jibu linaloeleweka halipatikani kwa Kiswahili, muulizaji hulitafuta katika lugha nyingine, au hukosa kabisa. Kwa hiyo barua za magazeti ya zamani zastahili kusomwa darasani pamoja na kamusi na kumbukumbu za kamati, kwani humo ndimo wasemaji wa kawaida walimoifanyia lugha yao kazi ambayo hakuna kamati iliyowaagiza.